Sura ya Sita: Shahidi wa Utotoni

Mkulima wa Newala mwenye miaka thelathini na kitu, anayejua kusoma na kuandika, mwenye mke na watoto, akifika zahanati na kusema, "Daktari, mimi tangu utoto siwezi kumaliza jambo," hapati safu yake katika daftari la wagonjwa. Hana homa. Hazungumzi ovyo. Haokoti makopo barabarani. Tabibu ana wagonjwa wengine wanaongoja kwenye benchi, wengi wao mama wenye watoto wanaochemka, na muda wa kumsikiliza ni dakika chache. Mkulima anaondoka na panadoli na maneno ya kumtia moyo, na jambo lake linalala tena miaka kumi.

Sura hii ni ya njia ambayo mtu huyo angepaswa kuipita ili apate jibu la kweli, na ya kile ambacho njia hiyo inamgharimu. Nazungumzia hali mbili. Usonji ni hali ya kuzaliwa nayo, ambapo mtu anaziona na kuzipokea sauti, nyuso, mazoea na mazungumzo kwa namna tofauti na wengi. ADHD nayo huanza utotoni: umakini hautulii mahali unapotakiwa, au mwili na ulimi havijui kungoja, au yote mawili. Mara nyingi hali hizi hukaa ndani ya mtu mmoja, ingawa hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani haukuruhusu mtu kuandikiwa zote mbili. Hakuna anayezipata akiwa na miaka thelathini. Kinachotokea katika umri huo ni kwamba maisha yamekuwa mazito kiasi kwamba mbinu za zamani za kujificha hazitoshi.

Kwa utaratibu wa serikali, njia ipo na inaeleweka. Zahanati inaandika barua ya rufaa. Watu wa Newala wanakwenda hospitali yao ya wilaya, wa Masasi wanakwenda Mkomaindo. Pale Ndanda, kando ya barabara ya kutoka Masasi kuelekea pwani, kuna hospitali ya Wabenedikti. Juu yao iko Ligula mjini Mtwara, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2021. Jambo likiwashinda hao, kuna Muhimbili ya Dar es Salaam na Mirembe ya Dodoma, ambayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni karibu kilometa 200, na hadi Dar es Salaam ni karibu 600. Dodoma ni mbali zaidi ya hapo.

Kwa miaka kadhaa kadi iliyowafaa wengi vijijini ilikuwa ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF): shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nayo ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Zilikuwa fedha ndogo kwa kilichopatikana, na nilitamani kila kaya iwe nayo. Lakini ngazi ya mkoa ikipita, mtu alibaki peke yake na mfuko wake. Na hata ndani ya mkoa, ada ya kumwona daktari si mzigo mkubwa. Mzigo ni nauli ya watu wawili, kwa sababu hakuna anayekubali kumwacha mtu "mwenye matatizo ya kichwa" asafiri bila msindikizaji. Ni gesti, ni chakula cha mjini, ni kurudi tena kwa sababu daktari anayehusika siku hiyo yuko kwenye mkutano. Na ni shamba.

Hilo la shamba lazima nilikazie, maana wapanga huduma husahau. Mkorosho una tarehe zake. Ukianza kuchanua katikati ya mwaka, ubwiri unga hauna subira. Salfa lazima ipulizwe kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ukirukwa maua yanaungua na mavuno yanakwenda nayo. Korosho zikianza kudondoka, kuanzia Septemba au Oktoba, ni kuokota, kuanika, kuchambua, kupeleka chama cha ushirika (AMCOS), kisha kungoja mnada na malipo. Mtu akiitwa Mtwara wiki ya salfa, gharama ya kupimwa kwake ni sehemu ya pato la mwaka mzima. Mwenye ADHD ndiye huyo huyo ambaye tayari amezoea kuchelewa kupuliza, aliyesahau stakabadhi yake ya ghala kwenye mfuko wa shati lililofuliwa. Anaambiwa achague kati ya kujua sababu ya kuchelewa kwake na kuchelewa tena.

Sasa tuulize: fedha yote hiyo inanunua kitu gani? Watu wengi hudhani kuna kipimo cha damu, au mashine ya kupiga picha ubongo. Hakuna. Si Masasi tu. Hakuna popote duniani. Uingereza mtu anayekwenda kliniki binafsi hulipa mamia ya pauni, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, na anayengoja huduma ya umma katika maeneo mengi hungoja miaka. Wanachokilipia na kukingoja ni saa za mtaalamu za kuuliza na kusikiliza. Mahojiano ya ADHD kwa mtu mzima yanayoitwa DIVA huchukua kama saa moja na nusu. Kwa usonji, kipimo cha ADOS, ambapo mtaalamu hukaa na mtu, wakazungumza na kufanya kazi ndogo ndogo huku akimtazama, huchukua dakika 40 hadi 60. Na ADI-R, mahojiano na mzazi au aliyemlea, huchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Vifaa vya ADOS na mafunzo ya kuvitumia ni ghali. Lakini kiini cha kazi yote ni mazungumzo yaliyopangwa vizuri, kwa muda wa kutosha, na mtu aliyefundishwa.

Kwa ADHD, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unamtaka mtu wa miaka 17 na zaidi awe na dalili tano au zaidi kati ya tisa za kukosa umakini, au tano kati ya tisa za kutotulia na kukurupuka. Zionekane zaidi ya mahali pamoja: nyumbani na kazini, shambani na msikitini. Ziwe zinamharibia maisha kweli. Na baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Sharti hili la mwisho ndilo linalobeba uzito wote, kwa sababu ndilo linalotenganisha hali ya kuzaliwa na mambo mengine mengi yanayomfanya mtu mzima asitulie.

Na mambo hayo huku kusini ni mengi. Mpimaji mwangalifu atauliza kuhusu uraka na nipa, pombe za mabibo, bila kumhukumu mtu, kwa sababu pombe ya kila siku huvunja kumbukumbu na umakini. Atauliza kuhusu kifafa, maana kuna kifafa kisichoangusha mtu, kinachomfanya tu akodoe macho sekunde kadhaa na kupotea. Ataangalia masikio, tezi ya shingo, upungufu wa damu, usingizi, sonona. Atauliza kuhusu hofu: watu wa bonde la Ruvuma waliziona ndege za Wareno wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na tangu mwaka 2017 wamekaa jirani na machafuko ya Cabo Delgado, ambayo Oktoba 2020 yalivuka mto na kukiteketeza kijiji cha Kitaya. Aliyetoka mahali kama hapo anaweza kuwa na moyo usiotulia na akili isiyoshika. Lakini kwake kuna kabla na baada, na kwa mwenye ADHD hakuna.

Malaria inahitaji aya yake. Malaria kali inayopanda kichwani utotoni inaweza kuacha kovu kwenye ubongo: degedege, uziwi, matatizo ya kusema na kukumbuka. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006 ulitazama watoto 20 wa Tanzania waliodhaniwa kuwa na usonji, na kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya kuugua vibaya, malaria ikiwemo. Watoto 20 hawatoshi kuthibitisha sheria yoyote. Wanatosha kumfanya mpimaji wa Masasi aulize swali ambalo mpimaji wa London haulizi: aliwahi kulazwa kwa malaria, akiwa na umri gani, na alikuwaje wiki moja kabla yake?

Nani atakayejibu maswali hayo? Huko Ulaya wapimaji huomba ripoti za shule ya msingi na kumpigia simu mama. Ripoti mara nyingi zimepotea, mama amefariki au anaishi mji mwingine na hakumbuki. Huku kwetu ripoti ya darasa la tatu imeliwa na mchwa zamani. Lakini shahidi yupo, na mara nyingi wapo watano.

Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba si mgeni wa sikukuu. Ni mtu aliyeshirikishwa katika maamuzi ya mtoto, aliyeitwa alipokosea, aliyemtolea mahari. Kisha kuna jando na unyago. Mtoto wa kiume alitengwa pamoja na wenzake, akawa chini ya macho ya wazee mchana na usiku, akifundishwa nyimbo na miiko, na kwa wengi hilo lilitokea katika umri ule ule ambao mwongozo wa kitabibu unauulizia. Msichana alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemjua kwa namna ambayo hakuna mwalimu wa shule anayeweza kumjua. Hakuna haja ya kuuliza yaliyofundishwa mle ndani, wala hayapaswi kuandikwa kwenye jalada la hospitali. Yanatosha maswali ya kando. Alishika nyimbo kama wenzake? Alikaa chini walipokaa? Alikuwa na rafiki, au alikuwa pembeni akipanga vijiti? Alilia ngoma ilipopigwa karibu, akaziba masikio?

Naamini hapa ndipo Masasi na Newala zina utajiri ambao kliniki za ghali zinautafuta kwa shida, na hadi sasa hakuna anayeutumia.

Ushahidi huo una mitego yake. Ndugu hutoa hukumu haraka kuliko habari. Watasema alikuwa mkaidi, mzembe, ana kichwa kigumu, alichezewa. Mpimaji lazima arudishe mazungumzo kwenye matendo.

"Shikamoo mjomba. Tusaidie. Alipokuwa mdogo, ukimtuma maji ilikuwaje?"

"Marahaba. Huyo? Atakwenda, atarudi jua limezama, na ndoo hana."

"Mara moja, au ilikuwa desturi?"

"Mpaka tukaacha kumtuma. Anatumwa mdogo wake."

Mazungumzo haya nimeyatunga kuonyesha njia, lakini tazama yanavyoleta kitu. Juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa taabu tangu zamani. Wanawake na watoto walishuka magenge kuyafuata kwenye chemchemi. Kumwacha mtoto asitumwe maji haikuwa jambo dogo katika nyumba. Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko fomu nzima iliyojazwa na mtu anayeona aibu.

Fomu zenyewe zinahitaji mkono wa mtu anayepajua mahali. Dodoso la ADHD la Shirika la Afya Duniani lina maswali 18, na sita ya kwanza hutumika kuchuja. Linaweza kuulizwa kwa mdomo na muuguzi. Dodoso maarufu la usonji la Uingereza, la mwaka 2001, lina maswali 50, na mengine yanauliza kama mtu angependa kwenda jumba la maigizo kuliko la makumbusho, au kama huziona namba za magari. Ukimuuliza hivyo mama wa kijiji kilicho chini ya miamba ya Masasi, jibu lake litakuambia habari za kijiji, si za ubongo wake. Muulize kuhusu msiba: akiwa msibani, katika ule umati na vilio, anakaa na wanawake wenzake au anakimbilia jikoni kuosha vyombo peke yake hadi usiku? Muulize kuhusu kelele za mnada. Kutomtazama mtu machoni, dalili inayotajwa sana, haina maana kijana akiwa mbele ya mzee, kwa sababu alifundishwa kuinamisha macho. Ila asiyejua lini aamkie na lini apite, aliyekwisha kugombana na nusu ya mtaa kwa sababu ya salamu na anaitwa mwenye kiburi ilhali hana kiburi hata kidogo, huyo anastahili kusikilizwa kwa makini.

Wanawake hasa. Unyago humfundisha msichana namna ya kukaa, kujibu, kunyamaza, kucheka inapobidi. Mwenye usonji anaweza kuyashika hayo yote kama somo la darasani na kuyatenda kwa miaka ishirini bila kosa, huku akirudi nyumbani amechoka hadi hawezi kuongea. Kwa macho yuko sawa. Ukimuuliza tu dalili za nje, utamkosa.

Kabla ya hospitali, familia nyingi huwa zimelipa mara moja au zaidi kwa mganga. Utafiti uliofanyika Kilifi na Mombasa, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazazi na hata wataalamu wakitaja uchawi, laana na pepo kama visababishi vya usonji, pamoja na maradhi na kurithi, kwa pumzi moja. Huku kusini ni vilevile. Siwalaumu. Mganga ana kitu ambacho zahanati haina: muda. Anakaa na familia nzima, anauliza ya nyuma. Kuku, shuka na fedha zilizokwenda huko ni sehemu ya gharama ya kutafuta jibu, na zihesabiwe hivyo.

Je, jibu likipatikana linafaa nini? Kwa dawa, niseme ukweli: methylphenidate, dawa ya ADHD inayotumika zaidi duniani, iko chini ya udhibiti wa Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa mwaka 2019 na tena 2021. Haiwezi kukaa rafu moja na panadoli. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, wala si jambo la kuondolewa. Lakini sonona inayofuatana na hali hizi inatibika. Mtu anaweza kubadili kazi ndani ya kazi: mke ashike stakabadhi, yeye apande juu ya mkorosho. Simu ndogo ya vitufe ina kengele ya kumkumbusha mzunguko wa salfa. Na iko sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inauangalia ulemavu kama kupungukiwa na nafasi ya kushiriki maisha ya jamii, kwa sababu za mwili, akili au jamii yenyewe, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kijana wa Masasi mwenye usonji na cheti cha uhasibu hawezi kudai chochote hapo bila karatasi ya daktari.

Hawa si watu wachache. Uchambuzi wa tafiti za dunia uliotoka mwaka 2021 ulikadiria kuwa asilimia 2.58 ya watu wazima wana ADHD iliyoendelea tangu utotoni. Mkoa wa Mtwara ulihesabiwa watu 1,634,947 mwaka 2022. Hata ukishusha makadirio hayo hadi asilimia moja ya watu wazima, unabaki na maelfu, na haiwezekani maelfu hao wapande basi kwenda Dar es Salaam kumwona daktari bingwa.

Kwa hiyo ninachokitaka ni mahojiano haya ya upimaji yapande uwanda wenyewe. Si jambo la kuota. Miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu huko Morogoro na Kilimanjaro kuingiza afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, wahudumu wa kawaida wakifundishwa kutambua na kutibu. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye msongo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha inafanya kazi. Kilifi watafiti wamekuwa wakirekebisha vipimo vya maendeleo ya watoto kwa Kiswahili. Vya watu wazima vinaweza kufuata njia hiyo hiyo. Na uwanda huu wenyewe una historia: homa ya chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa hapa mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, kwa sababu mtu alikaa akawasikiliza wagonjwa wakieleza maungo yao.

Halmashauri zina waratibu wa afya ya akili. Mratibu wa Newala na wa Masasi wafundishwe mahojiano haya, pamoja na wauguzi wawili watatu wa afya ya akili, na wapewe siku moja kila mwezi isiyo na kazi nyingine. Miezi ya salfa na ya minada iachwe, au kliniki ihamie kijijini. Daktari bingwa wa Mtwara au Muhimbili asikilize kesi ngumu kwa simu, na asafirishwe mgonjwa mmoja badala ya kumi.

Anayesoma hapa naye hana haja ya kungoja hayo yote. Aandike, au aandikiwe na mtoto wa shule, mambo matano aliyoshindwa mwaka huu, na mengine matano aliyoshindwa kabla ya kumaliza darasa la sita, matendo tu bila majina ya kujitukana. Ataje maradhi makubwa ya utotoni na pombe anayokunywa. Aende kwa mratibu wa afya ya akili wa halmashauri yake badala ya foleni ya wagonjwa wa nje, na aende na mjomba, au somo, au dada mkubwa, yeyote aliyemwona akikua. Majibu yakitoka aombe barua ya Kiswahili, inayosema alichonacho, asichonacho na anachohitaji, nakala moja ibaki zahanati ya kijiji, ili tabibu atakayehamishiwa hapo mwakani asianze tena na panadoli.